Barabara Itapita Wapi?

Kila mtu aliyejenga kando ya barabara ya Morogoro, tangu Kibaha mpaka Chalinze na kuendelea, ana haki ya kuuliza swali dogo, nalo ni hili: barabara itapita wapi? Hatusemi aulize kama barabara ijengwe au isijengwe, maana hilo limekwisha amuliwa na mahitaji ya nchi yenyewe. Aulize itapita wapi, kwa upana gani, lini, na kama nyumba yake imo ndani ya mstari au imo nje. Swali ni dogo, lakini mwaka 2017 wananchi wengi wa Kimara, Mbezi na Kibamba walipata jibu lake kwa rangi nyekundu ukutani, na baada ya rangi likaja tingatinga.

Barabara inayosemwa sasa ni ile iitwayo Barabara ya Haraka, ya kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro. Mpango wake umezungumzwa tangu miaka ya 2010, nao umebadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa namna ulivyotangazwa, barabara hiyo ni ya ubia kati ya Serikali na wenye mitaji, na wenye mitaji watarudishiwa fedha yao kwa tozo itakayolipwa na wenye magari. Kipande cha kwanza ni cha Kibaha hadi Chalinze, karibu kilomita 79. Yafaa wasomaji wetu wajue kwamba barabara ya namna hii si kama hizi tulizozizoea. Motokaa huingia na kutoka mahali pachache tu palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Baiskeli, mkokoteni na mwenda kwa miguu hawana nafasi juu yake, wala hakuna dereva atakayesimama kando yake kununua nanasi.

Sisi twaona kwamba barabara hiyo yahitajiwa. Mtu asisahau kuwa njia hii ndiyo mwanzo wa safari ya Zambia. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao wa uongo mnamo Novemba 1965, Zambia ilifungiwa mlango wa kusini, na mafuta yake yakapitishwa huku kwetu kwa malori, wakati ambapo sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Wako madereva waliokufa katika kazi ile. Leo mizigo ya Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda na Burundi yatoka katika bandari ya Dar es Salaam na kupita katika mdomo huu huu mmoja, pamoja na mabasi ya abiria wa karibu nusu ya mikoa ya nchi. Reli mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mnamo Juni 2024, nayo ni neema kubwa kwa msafiri, lakini malori bado yako barabarani. Mfanyakazi anayeamka saa kumi usiku Mlandizi ili afike kazini saa mbili hahitaji kuelezwa faida ya njia pana.

Basi tusije tukaambiwa kuwa twapinga maendeleo. Tunachosema ni kwamba mambo yaliyotokea Kimara yasitokee tena Kibaha.

Mambo hayo yalikuwa hivi. Mwaka 2017 Wakala wa Barabara, TANROADS, alibomoa majengo yaliyohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara kutoka Kimara hadi Kiluvya, ili kupata nafasi ya kupanua njia. Majengo zaidi ya elfu moja yalianguka. Zilikuwamo nyumba za kukaa, maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ibada. Fidia haikuwapo, kwa sababu waliobomolewa walihesabiwa kuwa wamejenga mahali pasipo pao. Mwaka uliofuata kazi ikaanza, na barabara ya njia mbili kati ya Kimara na Kibaha, urefu wa kilomita 19.2, ikaanza kugeuzwa kuwa ya njia nane. Nafuu iliyoletwa na kazi hiyo twaikiri, na kila anayepita pale huiona. Lakini waliolipa gharama ya nafuu hiyo kuliko watu wote ni wale ambao hawaonekani tena pale.

Upana wenyewe ndio uliowashangaza watu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 yasema kwamba hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Lakini kwa kipande cha Kimara hadi Kiluvya kipimo kilichotumika kilikuwa mita 121.5 kila upande, na wenye mamlaka walieleza kwamba kipimo hicho kilitokana na sheria ya barabara ya mwaka 1932, iliyowekwa na utawala wa Kiingereza. Mita 121.5 ni karibu futi 400. Jumlisha pande mbili upate mita 243, yaani kila kilomita moja ya barabara yameza eka 60 za ardhi. Kwa kipimo cha mita 30, kilomita hiyo hiyo ingemeza eka 15 tu. Njia nane za motokaa, hata zikiongezewa mifereji na njia za miguu, hazijazi nusu ya upana huo.

Mwenye kutetea kipimo kikubwa atasema kwamba nafasi inayobaki ni akiba ya mabasi ya mwendokasi, ya mabomba ya maji, ya nyaya za umeme, na ya mambo ya miaka hamsini ijayo ambayo sisi hatuyajui. Hoja hiyo ina maana, na mji usioacha nafasi hujuta. Lakini akiba ya Taifa haiwezi kuwa siri kwa mtu anayelala juu yake. Kama mstari wa mita 121.5 ulikuwapo tangu mwaka 1932, ulikuwa wapi siku mtu huyo alipouziwa kiwanja mbele ya mashahidi wa mtaa? Ulikuwa wapi siku nguzo ya umeme ilipochimbiwa uani pake, na mita ya maji ilipofungwa mlangoni, na kodi ya majengo ilipokuja kudaiwa? Kila idara ilimwona kuwa mwananchi mwenye nyumba, mpaka siku idara moja ilipomwona kuwa mvamizi.

Yatupasa pia kusema wazi kwamba wako waliojenga huku wakijua. Walisikia, walionyeshwa, wakajenga usiku na mchana wakitumaini kwamba ukuta ukisimama Serikali itaona haya. Watu hao wapo kila mahali, na hatuwatetei. Lakini sheria inayomchanganya mjanja na mjane katika hesabu moja haijamaliza kazi yake. Na kuna wengine ambao wala si wajanja wala si wazembe. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, wananchi wa sehemu nyingi za nchi hii walihamishwa kutoka mashambani mwao wakasogezwa karibu na barabara, ili wapate shule, zahanati na maji. Walitii. Wajukuu wa watu kama hao wakiambiwa leo kwamba wameifuata barabara, wana haki ya kujibu kwamba wazee wao ndio waliopelekwa barabarani.

Twakumbuka kwamba mnamo Novemba 2017 Rais Magufuli aliagiza sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo ibomolewe, ili kupisha ujenzi wa barabara za juu. Watu wengi walifurahi kuona msumeno ukikata mbele na nyuma. Sisi pia tulifurahi. Ila tofauti moja isisahauliwe: shirika la umma likivunjiwa ukuta, hakuna mtoto atakayelala nje usiku ule.

Sasa tuitazame sheria, maana wanachama wengi hawaijui, na asiyeijua sheria huonewa hata na karani. Katiba yetu, ibara ya 24, yasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria yenye masharti ya kutoa fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Katika hesabu ya fidia huingia thamani ya ardhi na jengo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, gharama ya usafiri, na hasara ya makazi au ya faida ya biashara. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 imeongeza jambo kubwa: fidia isipolipwa katika miezi sita tangu uthamini ulipoidhinishwa, mwenye mali adaiwe kulipwa na riba; na uthamini uliokaa miaka miwili bila kulipwa huwa umekufa, sharti ufanywe upya.

Wenye nyumba za kando ya barabara wanajua rangi mbili. Alama ya X nyekundu maana yake ni kwamba jengo limeifuata barabara, nalo litaondolewa bila malipo. Alama ya X ya kijani maana yake ni kwamba barabara imelifuata jengo, na mwenyewe atalipwa. Kati ya rangi hizo mbili ndimo imo tofauti ya mtu kuanza upya akiwa na akiba mkononi, au kuanza upya akiwa na mabati yaliyokunjika. Basi si neno la kupaka haraka haraka saa kumi na moja jioni. Kila alama iandikiwe hati, na hati hiyo aachiwe mwenye nyumba, ikieleza kipimo kilichotumika, kifungu cha sheria kilichotumika, na ofisi ya kupeleka malalamiko.

Na liko baya jingine ambalo halitajwi sana, kwa kuwa halina kelele za tingatinga. Ni ile miaka ya kungoja. Mpango ukitangazwa, wapimaji hupita, mtu huambiwa asiendeleze chochote, kisha kimya. Mwenye nyumba iliyotiwa alama haezeki upya paa linalovuja. Hapandi mnazi. Hachimbi kisima. Akitaka kuuza hapati mnunuzi, na akienda benki kukopa kwa dhamana ya nyumba huulizwa kuhusu barabara. Kijana wake akitaka kuoa hawezi kuongeza chumba. Mwaka wapita, na wa pili, na wa tatu, hata mpango wenyewe ukibadilishwa na mstari ukahamia upande wa pili, hakuna anayekuja kumwambia kwamba sasa yu huru kuishi. Ni rahisi kuhesabu nyumba zilizobomolewa. Nani atahesabu zile zilizooza zikingojea kubomolewa?

Jambo hili si letu peke yetu. Ndugu zetu wa Nairobi wamelipata, na habari zao zina mafunzo. Mwaka 2020 Kenya ilianza kujenga barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ikafunguliwa kwa magari mwezi Mei 2022, nayo hulipiwa tozo. Wakati wa ujenzi ilionekana kwamba mti mkubwa wa mugumo wa pale Westlands, ambao Wakikuyu huuheshimu, ungekatwa. Watu wakapiga kelele, na mnamo Novemba 2020 Rais Kenyatta akaagiza mti usiguswe. Ukabaki. Lakini miaka miwili kabla yake, mnamo Julai 2018, barabara nyingine iliyopita katikati ya Kibera iliondoa maelfu ya watu pamoja na shule za watoto wao, kabla ya hesabu na mpango wa kuwahamisha haujatimizwa kama walivyokuwa wameahidiwa. Mti ulisamehewa, watu hawakusamehewa. Hatuudharau mugumo, ila twataka mtu wa Mlandizi apate walau masikilizano yaliyopewa mti.

Jambo la Nairobi latupa na neno jingine kuhusu tozo. Pale, asiyetaka kulipa hupita chini, kwenye barabara ya zamani, bure. Hapa kwetu pia barabara ya zamani sharti ibaki wazi na itengenezwe kila mwaka. Isiachwe ikaharibika hata mwenye daladala na mwenye pikipiki wakalazimika kulipa kwa sababu ya mashimo. Sharti hilo liandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza, kwa maana mikataba ya namna hii huishi miaka mingi kuliko mawaziri waliotia sahihi.

Kisha kuna wale ambao nyumba zao zitasalimika. Hao nao wana shauri lao. Barabara pana hukata mji vipande viwili kama mto usio na daraja: shule ikabaki ng'ambo hii, zahanati ng'ambo ile. Tufanye hesabu ndogo. Tukiikadiria kila njia ya motokaa kuwa mita 3.5, njia nane ni mita 28, bila kuhesabu nafasi ya katikati. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, basi atahitaji sekunde 23 kuvuka. Katika muda huo motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa imekwisha kwenda nusu kilomita na zaidi. Mtoto wa darasa la pili hawezi kulikadiria gari lililo mbali kiasi hicho, wala bibi mwenye ndoo hawezi kukimbia. Kwa hiyo vivuko vya juu na vya chini si pambo la kuongezwa baadaye fedha ikipatikana. Viwe katika ramani ya kwanza, na mahali pake pachaguliwe na wale wanaovuka. Mhandisi hodari anajua uzito wa zege, lakini njia ya mkato ya watoto waendao shule anaijua balozi wa nyumba kumi.

Na tusiwasahau wanaoishi kwa barabara yenyewe. Mlandizi na Chalinze ni miji ya kituo. Pale Chalinze njia hugawanyika, moja ikashika Morogoro na nyingine ikashika Segera kwenda Tanga na Moshi, na kwa sababu hiyo basi husimama, lori husimama, na mama lishe, muuza korosho, muuza mananasi ya Kiwangwa, fundi wa magurudumu na mwenye nyumba ya wageni wote hula. Barabara ya haraka ikipita pembeni bila kusimama, watu hao hawatabomolewa ukuta hata mmoja, nao wataanguka vile vile. Dawa yake inajulikana: yajengwe maegesho ya mapumziko mahali magari yatakapotoka na kuingia, na vibanda vyake wapewe kwanza wale waliokuwa wakiuza pale tangu zamani, kwa kodi wanayoiweza. Tukikawia, vitachukuliwa na makampuni ya mjini, na yule mama ataajiriwa kufagia.

Yako mengine, kama kelele, vumbi la wakati wa ujenzi, na maji ya mvua yatakayokatizwa na tuta la barabara yakaingia vyumbani mwa watu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka tathmini kwa ajili ya mambo hayo, na ndani ya tathmini hiyo wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mara nyingi kusikilizwa huko hufanywa saa nne asubuhi siku ya kazi, watu wako mjini, na karatasi ya mahudhurio ikajazwa na wale wale watano. Mkutano uitishwe Jumapili alasiri.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wa matawi na mashina, na madiwani wa kata zote ambazo barabara inatajwa kupita, kwamba kazi hii ni yao kabla haijawa ya mahakama. Waombe ramani, waitundike katika ofisi ya kila kata na kila kijiji, kwa Kiswahili, ikionyesha nyumba, misikiti, makanisa, shule na makaburi ambayo watu wanayatambua kwa macho. Mstari wa hifadhi uwekewe nguzo za saruji zinazoonekana toka moja hadi nyingine, kisha mtu ye yote akijenga ndani ya nguzo hizo asimlaumu mtu. Karani wa ardhi anayegawa kiwanja ndani ya mstari ashitakiwe yeye, kabla ya aliyenunua. Na mahali ambapo mstari bado haujakatwa, ofisi iandike hivyo na tarehe yake, ili mwenye kutaka kuongeza chumba kabla ya masika haya ajue kama aanze kufyatua matofali au angoje.